Koti Zito Upande Mmoja

Kitu cha kwanza alichokiona mpelelezi ni kidole cha mzee ndani ya kikombe.

Mzee alikuwa akijimiminia chai. Mkono wa kulia ulishika birika. Kidole cha mkono wa kushoto kilikaa kwenye ukingo wa kikombe, ncha yake ndani, kikingoja. Chai ya moto ilipokigusa, mzee aliacha kumimina, akakinyonya kile kidole kama mtoto aliyechovya asali, akatabasamu kuelekea dirishani. Dirishani hapakuwa na mtu.

Kila mtu na mazoea yake, mpelelezi alijisemea. Akavuta kiti, akaketi.

Chumba kilikuwa kidogo, ghorofa ya pili ya hoteli ya wasafiri, na uwanja wa ndege ulikuwa karibu kiasi kwamba kila ndege iliposhuka vikombe viligongana kwenye sinia. Palikuwa na vitanda viwili vyembamba, feni iliyozunguka huku ikilalamika, na sanduku moja jipya lililofungwa mkanda. Joto lilikuwa la kumfanya mtu atamani kuvua hata ngozi. Lakini mzee alikuwa amevaa koti. Koti jeusi, zito, la miaka mingi, na vifungo vyote amevifunga.

"Mzee wangu, vua koti upate hewa," Koplo aliyefuatana na mpelelezi alimwambia, naye akijifuta shingo kwa leso. "Sisi tunayeyuka kwa kukutazama tu."

"Mimi na koti hili tumezoeana, mwanangu. Likinitoka napata mafua."

"Mafua na joto hili? Basi hayo mafua ni shujaa."

Mzee alicheka. Binti yake, aliyeketi ukingoni mwa kitanda cha pili, hakucheka. Alikuwa msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, amevaa gauni la kahawia lenye kola pana na vifungo vyeupe, gauni la mtindo wa zamani lililopunguzwa kiunoni ili limkae. Macho yake yalikuwa mekundu.

Meneja wa hoteli alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Ndiye aliyepiga simu polisi.

"Hoteli yangu ina jina, afande," alisema. "Pasipoti haiwezi kupotea hapa kama sindano kwenye majani. Aliyeingia chumba hiki ni mmoja tu, mtandika vitanda. Nimemfungia kwenye stoo ya mashuka. Mchukueni, mimi niendelee na kazi."

Koplo alimwinamia mpelelezi sikioni. "Kesi imekwisha. Kuna ufunguo, kuna mtandika vitanda, na pasipoti haipo."

"Na pasipoti yenyewe iko wapi?"

"Hiyo..." Koplo alikuna kidevu. "Hiyo itajulikana akishakula kofi moja la afande mkali."

"Hakuna kofi hapa," mpelelezi alisema, akamgeukia mzee. "Baba, nielezeni siku yenu. Taratibu. Tangu mlipofika."

Mzee alikuwa fundi cherehani kutoka mji mdogo wa mbali. Walikuwa wamefika kwa basi la alfajiri. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, miaka mitatu, na ndege yake ilikuwa inaondoka kesho kabla ya jua kuchomoza. Asiporipoti chuoni kwa wakati, nafasi yake anapewa mwingine. Walikuwa wamekuja siku moja mapema kwa makusudi.

"Nilitaka tuwe na siku moja ya kutembea bila haraka," mzee alisema. "Maisha yetu yote ni haraka. Mteja anataka suruali jana. Nikasema, mwanangu kabla hajaruka, tutembee mjini kama watu wenye nafasi. Tumekaa bustanini, tumesikiliza maji yanavyoruka pale kwenye chemchemi. Tumepiga picha. Binti yangu kavaa gauni la samawati nililomshonea kwa safari hii. Watu wote wanageuka kumtazama!"

Mpelelezi aliinua macho na kulitazama gauni la kahawia. Binti aliinamisha kichwa.

"Mmerudi, kisha?"

"Nikajilaza kidogo. Nilipoamka, nikavaa koti langu, mwanangu akaniambia, baba, pasipoti siioni. Basi. Ndiyo hivyo." Mzee alipapasa meza, akakipata kikombe. "Kilichopotea kimepotea. Tulikuwa tunataka kurudi nyumbani kwa basi la jioni, meneja kasikia pasipoti imepotea, ndiye katuzuia."

"Mlitaka kurudi hivyo hivyo? Bila kuripoti?"

"Riziki ya mtu haipotei, mwanangu. Kama ilikuwa yake ingekuwepo."

Mpelelezi alimwuliza binti mara ya mwisho aliiona lini pasipoti yake.

"Asubuhi," binti alijibu kwa sauti ya chini. "Niliiacha ndani ya sanduku. Halafu tukatoka."

"Una hakika?"

"Ndiyo, dada."

Alipopewa maelezo yake atie sahihi, aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

Nje, kwenye korido, mpelelezi alimwuliza meneja jambo moja tu. Msichana alitoka na gauni gani?

"La kahawia. Hilo hilo. Akarudi na hilo hilo. Mimi nakaa mapokezi, hakuna kinachonipita."

Koplo akapiga vidole. "Umeona? Mzee anasema samawati! Basi kuna msichana wa pili, afande. Mwenye gauni la samawati. Anafanana na huyu. Anaingia, meneja anadhani ndiye, anachukua pasipoti, anasafiri yeye!"

"Koplo."

"Naam, afande."

"Kamtafute huyo wa samawati kwa wenye maduka hapo nje. Mimi nashuka stooni."

*

Mtandika vitanda alikuwa mama wa makamo, ameketi juu ya rundo la mashuka machafu, mikono mapajani. Alikuwa amekwisha kulia, sasa alikuwa amekauka. Ndoo yake ya sabuni ilikuwa pembeni kana kwamba nayo imekamatwa.

"Shikamoo, mama," mpelelezi alisema.

Yule mama alimtazama kwa mshangao. Tangu alipofungiwa mle, hakuna aliyemsalimu.

"Marahaba."

"Uliingia chumba kile?"

"Niliingia. Nisiingie ningekula nini? Walipotoka kwenda kutembea nikaingia, nikaweka taulo, nikajaza jagi la maji, nikatoka. Sanduku lilikuwa limefungwa mkanda, hata sikulisogeza. Nilipiga deki kulizunguka."

"Na waliporudi?"

"Nilikuwa juu paani naanika mashuka. Nimeshuka nikaambiwa mimi ni mwizi."

"Nani anaweza kusema ulikuwa paani?"

"Wenzangu wawili. Mmoja ni yule wa jikoni." Akatoa tabasamu chungu. "Muulize huyo vizuri, afande, maana mimi na yeye hatusalimiani tangu tulipogombania beseni."

Mpelelezi alipanda jikoni kumwuliza. Yule mwanamke alikuwa akimenya vitunguu na hakuacha.

"Simpendi," alisema. "Andika hivyo. Ana mdomo. Lakini alikuwa paani na mimi, anaimba vibaya kama kawaida yake. Kumsingizia wizi siwezi, nitalala vipi?"

Ushahidi wa rafiki hutiliwa shaka. Ushahidi wa hasimu ni dhahabu. Kwa hiyo mtandika vitanda aliingia chumbani mara moja tu, asubuhi, wenyewe wakiwa nje. Kama pasipoti iliibwa, iliibwa wakati ule. Na kama haikuwemo sanduku lilipofungwa, basi mama yule alikuwa amekaa stooni bure.

Mpelelezi alirudi kumwambia avumilie kidogo.

"Kuvumilia nimezoea," yule mama alisema. "Ila wanangu wakitoka shule watakuja hapa, kama kila siku. Watanikuta nimefungiwa. Usichelewe, mwanangu."

*

Studio ya picha ilikuwa mtaa wa pili, kati ya duka la miwani na kinyozi. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye maneno mengi na shati lenye maua.

"Yule mzee? Ninamkumbuka sana! Mcheshi yule mzee. Binti yake amevaa kahawia, yeye ananiambia, 'Fundi, piga mpaka chini, gauni la samawati lionekane lote.' Nikacheka mpaka basi. Nikataka kumwambia, mzee, hilo samawati liko nyumbani kwako?"

"Ukamwambia?"

Kijana alipunguza sauti. "Hapana. Binti aliniwekea kidole mdomoni, ishara ninyamaze. Nikanyamaza. Mteja ni mteja."

"Halafu?"

"Halafu akabadilika. Alikuwa ameingia anacheka, anajigeuza mbele ya baba yake hivi na hivi, kama mtu anayengoja asifiwe. Ghafla akaacha kucheka. Akamsogelea mzee, akasimama uso kwa uso. Mzee anatabasamu tu, lakini anatabasamia pembeni kidogo, kama anatazama begani kwake. Nikaona machozi. Nikamwambia, dada, ni vumbi la studio hilo, linachoma macho. Akafungua mkoba kutafuta leso. Vitu vikamwagika. Kitana, sabuni ya hoteli, pasipoti."

Kalamu ya mpelelezi ilisimama. "Uliiona pasipoti?"

"Niliiokota mwenyewe! Mpya, haina hata mkunjo. Nikamtania, dada, nikunje niingie ndani twende wote. Akaipokea, akaitia mkobani."

"Kisha wakaenda wapi?"

"Hotelini. Niliwaona wakivuka. Binti kamshika baba yake mkono, wanatembea polepole kama maharusi." Alisita. "Kuna jingine, sijui kama lina maana. Nilimpa mzee picha. Akaishika miguu juu kichwa chini. Akaitazama, akasema, 'Umetoka vizuri, mwanangu.' Akaitia mfukoni."

Alikuwa na nakala nyingine. Mpelelezi aliiomba, akaitazama pale mlangoni kwenye mwanga. Mzee katikati, mnyoofu, koti limefungwa vifungo. Binti kando yake katika lile gauni la kola pana. Hakuwa akitazama kamera. Alikuwa akimtazama baba yake.

Koplo alimkuta njiani, amelowa jasho. "Afande, wa samawati nimewapata wanne. Mmoja ni mtawa."

"Waachie, Koplo. Hakuna wa samawati."

"Mzee anadanganya, basi?"

"Mzee anasema anachokiamini." Mpelelezi alitia picha mfukoni. "Pasipoti ilirudi hotelini mkobani mwa binti. Wakati huo mtandika vitanda alikuwa paani. Walikuwemo wawili."

Koplo alisimama katikati ya barabara mpaka baiskeli ikampigia kengele.

*

Mpelelezi aliingia, akamwomba meneja abaki nje, akafunga mlango. Mzee alikuwa pale pale, na koti lake. Matone ya jasho yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye nywele zake nyeupe mpaka kwenye kola.

"Baba, nipe hilo koti."

Feni ilizunguka. Ndege ikashuka, vikombe vikagongana.

"Nililishona siku nilipomwoa mama yake," mzee alisema. "Marehemu. Nikafunga nalo ndoa, nikamzika nalo. Sasa nimekuja kumsindikiza mtoto nalo."

"Nalitaka kwa dakika chache tu. Nitakurudishia."

Mzee alifungua vifungo kimoja kimoja. Chini ya ukosi, upande wa ndani, palikuwa na sindano iliyochomekwa, ina uzi mweusi umening'inia. Mpelelezi alilaza koti kitandani, akalifunua. Bitana ilikuwa imechakaa, nyeusi iliyogeuka kuwa kama majivu, na nyuzi zake zilikuwa zimefifia nayo. Ila kwenye upindo wa kushoto palikuwa na mshono wa urefu wa kiganja ambao uzi wake ulikuwa mweusi wa leo.

Alipitisha kidole. Mtu anayeficha kitu kwa haraka hushona kwa hatua ndefu za sindano, mradi kitu kisianguke. Huu haukuwa hivyo. Hatua zake zilikuwa fupi, zimebana, zimelingana kama meno ya kitana. Na zililala upande wa pili. Mishono yote ya koti ililala kulia. Hii ililala kushoto.

Chini yake palikuwa na kitu kigumu, bapa.

"Ni mimi," mzee alisema kwa haraka. "Niliificha mimi. Mwachieni yule mama, mnichukue mimi. Mzee mzima nimekuwa mchoyo, sikutaka mtoto aondoke."

"Baba!" binti alisema.

"Nyamaza wewe. Wakubwa wanaongea."

Mpelelezi alichomoa ile sindano kwenye ukosi. Akauvuta uzi wake, ukatoka. Akamwekea mzee sindano katika mkono mmoja, uzi katika mkono mwingine.

"Basi nitungie, baba. Fundi hashindwi na hilo."

Hata Koplo alitazama chini.

Mzee alilamba ncha ya uzi. Akaisokota kwa vidole vilivyofanya kazi ile maisha yake yote. Akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, ilivyo desturi ya mafundi, akaleta uzi. Ukapita pembeni. Akalamba tena. Ukapita juu. Alijaribu kwa kugusa, ncha ya kidole ikitafuta tundu, akajichoma, tone dogo la damu likatokea, naye akaendelea kana kwamba si kidole chake.

"Mwanga wa hapa ni hafifu," alisema.

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

"Mwache!" Binti aliinuka, akamnyang'anya baba yake sindano. "Mwache, dada, nakuomba! Ni mimi. Nimeshona mimi akiwa amelala. Mwache baba yangu."

"Kwa nini umeificha kwenye koti lake?"

"Kuitupa nilishindwa. Ameshona usiku na mchana ili niipate. Nikasema irudi naye nyumbani, siku moja ataiona kwenye bitana, mimi nitakuwa nimeshazoea kubaki."

"Ungelishona vibaya, nisingeona. Nguo ya zamani ina viraka vingi."

"Nilijaribu," binti alisema. "Nilishindwa kulishona vibaya koti la baba."

Mpelelezi aliuliza swali ambalo lazima liulizwe. "Kwa nini hukutaka kusafiri?"

Binti alimtazama baba yake. Mzee aliketi wima, uso ameuelekeza dirishani, akingoja kama mtu anayengoja kupigwa.

"Naogopa ndege," binti alisema.

Mpelelezi aliandika hivyo. Alijua si kweli, na aliandika.

Alichukua mkasi mdogo kwenye mfuko wa mzee wa vifaa, lakini mzee alinyoosha mkono. "Nipe nifumue mimi. Kufumua hakuhitaji..." Hakumaliza. Akatafuta mshono kwa kucha, akaukata uzi mmoja, akauvuta wote mara moja. Pasipoti ikamwangukia magotini.

"Hukushangaa, baba," mpelelezi alisema.

Mzee aliifunika pasipoti kwa viganja viwili. "Koti langu ninalijua, mwanangu. Nilipolivaa tu, nikaona zito upande mmoja. Nikapapasa. Nikajua ni nini, na nikajua mkono uliokishona. Nimeufundisha mimi. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, ngoja ndege iondoke. Nilidhani nimemlea niweze kumwachia aende. Kumbe nilikuwa najidanganya."

"Na yule mama stooni?"

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, tabasamu lilitoweka usoni mwa mzee.

*

Walimfungulia mtandika vitanda. Meneja alitaka mambo yaishe kimya kimya, akaanza kusema habari za siku ya mapumziko na chai ya bure. Mpelelezi alimwambia aite wafanyakazi wote mapokezi.

Mzee alishuka ngazi mwenyewe, mkono ukutani, hakutaka kushikwa. Binti alitangulia hatua moja mbele yake, ili akianguka amwangukie. Mbele ya wapishi, wafuaji na mlinzi, mzee alisema kwamba pasipoti ilikuwa kwake muda wote, kwamba alijua, na kwamba alimwacha mama wa watu aitwe mwizi. Alisema yote bila kumtaja binti. Kisha akaomba msamaha, lakini alikuwa amemgeukia mpishi.

Kuna aliyecheka kidogo. Yule wa jikoni akamkanyaga mguu.

Mtandika vitanda alisogea, akasimama mbele ya mzee, akamshika mabega, akamgeuza taratibu mpaka wakaelekeana.

"Niko hapa, mzee," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nimeitwa mwizi mbele ya watu ninaofanya nao kazi. Hilo utalishonaje?"

"Sijui," mzee alisema. "Sijui kulishona hilo."

Yule mama alimtazama kwa muda. Akamtazama na binti, gauni lake la zamani, macho yake mekundu. "Samahani nimeisikia," alisema hatimaye. "Kusamehe kutakuja kwa miguu yake, msikuharakishe." Akachukua ndoo yake. Mlangoni wanawe walikuwa wameshafika na mikoba ya shule, akawapigia mluzi, akatoka nao akiwa ameinua kichwa.

"Tumkamate mzee?" Koplo alinong'ona. "Kupotosha polisi ni kosa."

"Unataka kumfunga, Koplo?"

Koplo alivuta pumzi. "Mimi nataka kwenda nyumbani, afande. Nikamsalimie baba yangu."

Mpelelezi alipanda juu peke yake kuchukua sahihi za mwisho. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini, hakubisha.

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda, na juu kabisa lilikuwemo gauni la samawati, limekunjwa kwa mikunjo ya pasi, halijavaliwa hata mara moja. Pasipoti ilikuwa juu yake.

"Utakwenda," mzee alikuwa akisema. "Mama yako mdogo atahamia kwangu, nimekwisha kuongea naye tangu mwezi uliopita. Anapika vibaya, nitakonda, utanikuta nimependeza. Hilo limekwisha."

"Ndiyo, baba."

"Lipo moja tu nataka kwako kabla hujalala." Mzee alitoa kwenye mfuko wake wa vifaa paketi ya sindano, mpya, na kidonge cha uzi mweusi, akavinyoosha hewani, mahali alipodhani mikono ya binti ipo. "Nitungie."

"Ngapi?"

Mzee aliipapasa paketi kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Zote."

Binti alipokea. Aliketi sakafuni karibu na magoti ya baba yake, akaanza. Alilamba uzi, akatunga, akakata, akachomeka sindano kwenye ukosi wa koti. Akatunga nyingine. Mzee alisikiliza kila mkasi ulipokata uzi, akitikisa kichwa kama mtu anayeokota kitu na kukiweka akiba. Nje mwanga ulikuwa ukigeuka wa jioni.

"Kesho vaa hilo hilo la samawati," mzee alisema. "Limekukaa. Leo nimekutazama sana pale bustanini, mwanangu. Nimekutazama mpaka nimeshiba."

Mkasi ulinyamaza. Binti alishika sindano yenye uzi uliofika nusu ya tundu, akaitazama. Mpelelezi alirudi nyuma hatua moja, kwa sababu kilichokuwa kinakuja hakikuwa chake. Lakini aliona, na alisikia. Binti aliuchukua mkono wa baba yake, akauweka kwenye kola pana ya gauni, akauteremsha polepole juu ya vifungo vyeupe, kimoja baada ya kingine, mpaka vidole vya fundi vilipokutana na mshono vilioushona vyenyewe zamani, vikasimama.

"Baba," akasema, "leo nimevaa gauni la mama. Tangu asubuhi. Nilitaka unione."